Daftari la Zamani Litupwe Lini?

(Mada iliyotolewa na Kamati ya Hesabu katika kilele cha maadhimisho ya miaka kumi ya kikundi chetu, Ngamiani, Tanga)

Ndugu Mwenyekiti wetu,
Mgeni wetu rasmi,
Mama zetu waasisi mlioketi viti vya mbele,
Wanachama wenzetu, majirani zetu, na nyote mliotushika mkono kwa miaka hii kumi:

  

Awali ya yote tunaishukuru Kamati ya Sherehe kwa kutupa nafasi hii. Wenzetu wa Kamati ya Mikopo wamekwisha sema habari za marejesho, na wa Mfuko wa Jamii wamesema habari za misiba na wagonjwa, na mmewapigia vigelegele. Sisi tumebakiwa na makaratasi. Jana tulipokuwa tukifunga mapambo shoga yetu mmoja alituuliza, "Jamani, sherehe na makaratasi wapi na wapi?" Tukamwambia asubiri leo. Tunamwona amekaa pale na sahani yake, basi atusikilize. (Kicheko)

Kila mara tunapokagua hesabu za biashara za wanachama, swali linalorudi kwetu kuliko yote ni hili: haya madaftari na risiti nikae nayo mpaka lini? Mmoja anasema mwaka ukiisha tupa. Mwingine anasema usitupe kamwe, na chumbani kwake hakuna pa kuweka mguu. Tumeona leo tulijibu swali hili mbele ya watu wote. Lakini kabla ya kuwajibu ninyi, inatubidi tukiri kosa letu wenyewe, maana wapo hapa wanaolijua na wapo wanaolisikia nusunusu mitaani.

Tulianza mwaka 2015 tukiwa wanawake kumi na wanane. Hisa moja ilikuwa shilingi 2,000. Kama mjuavyo, sisi hisa hatugawani mwisho wa mwaka kama wafanyavyo wenzetu wengine. Tunagawana faida tu, na hisa ya mtu inabaki mpaka atoke au Mungu amchukue. Kwa hiyo hesabu ya mwaka wa kwanza ndiyo mama wa hesabu zote zilizofuata. Hili tulilijua kwa kinywa, hatukulijua kwa vitendo.

Miaka minne ya kwanza iliandikwa katika kaunta buku tatu kubwa. Mwanzoni mwa mwaka 2019 tulinunua leja mpya, yenye jalada gumu, na mhasibu wetu wa wakati ule akahamisha salio la kila mwanachama kutoka daftari la zamani kwenda jipya. Alikaa siku mbili kwenye taa ya chemli, umeme umekatika. Baada ya hapo yale madaftari matatu yakawa yanazagaa chini ya meza. Unyevu wa bahari umeyapiga, mende wametaga ndani, na kurasa nyingine zimeshikana. Tukaulizana: salio si limekwisha hamishwa? Sasa haya ya nini? Alikuwapo kijana anayeuza karanga pale njiani. Tukampa.

Baada ya wiki mbili mwenzetu mmoja akanunua karanga za mia mbili. Anafungua ile karatasi anaona jina la jirani yake na faini ya kuchelewa mkutanoni. (Kicheko) Hata siku ile tulicheka kama mnavyocheka sasa. Alikileta kile kikaratasi mkutanoni, kikapita mkono kwa mkono, na aliyetozwa faini akacheka kuliko sisi sote.

Mwaka 2021 mwenzetu mmoja katika wale kumi na wanane wa mwanzo alifariki dunia. Hatutamtaja jina, wanawe wapo nasi leo. Baada ya arobaini walikuja watoto wake wawili pamoja na mjomba wao. Walikuja kwa adabu. "Mama zetu, shikamooni. Tumekuja kuuliza habari za hisa za marehemu." Tukafungua leja mpya, tukawasomea: hisa zilizohamishwa kutoka daftari la zamani, 212, halafu zile alizonunua baadaye. Yule binti akatazamana na kaka yake. Akasema mama yao alikuwa akiwaambia hajawahi kukosa wiki hata moja, hata alipolazwa alimtuma yeye na hela mkononi. Akatoa kijitabu cha marehemu. Walikikuta ndani ya kasha, katikati ya khanga, kimefungwa kwenye mfuko wa nailoni. Mwisho wa mwaka 2018 kijitabu kilikuwa na mihuri ya hisa 246.

Tofauti ni hisa 34. Kwa bei ya hisa ni shilingi 68,000. Kuna waliopo hapa ambao fedha hiyo wanaiuza kwa asubuhi moja sokoni Mgandini. Lakini pale haikuwa tena habari ya fedha. Kijitabu kinasema hivi, leja inasema vile, na kitu pekee ambacho kingeweza kuamua kati yake kilikuwa kimekwisha liwa na karanga. Huenda mhasibu wetu alikosea kuhamisha usiku ule wa chemli. Huenda mihuri iligongwa kimakosa. Hatukuwa na njia ya kujua, na mpaka leo tunapozungumza hatuna.

Mkutano wa siku ile ulianza saa tisa alasiri ukaisha magharibi. Alitokea aliyesema tugawane hasara, tuwape hisa 17. Mama mmoja wa waasisi, yupo pale mbele, akasimama akasema, "Aliyepoteza daftari ni nani? Marehemu au sisi?" Tukakaa kimya. Tukalipa hisa zote 34 pamoja na faida yake, kutoka mfuko wa kikundi. (Makofi)

Ngojeni kwanza, msipige makofi. Mkutano uliofuata wanachama watatu walisimama kuuliza, "Na mimi je? Langu lilihamishwa sawasawa?" Wawili kati yao vijitabu vyao vilikuwa vimepotea. Tuliwajibu nini? Tuliwaomba watuamini. Mmoja alitoka kikundini mwaka ule ule, na hatumlaumu.

Ndipo sisi wa Kamati ya Hesabu tukaanza kutafuta, sheria inasemaje na busara inasemaje. Tumewauliza maofisa, tumewauliza waliosoma, na haya ndiyo tuliyoyapata.

Miaka mitano, na namna ya kuihesabu

Tuanze na kodi, kwa kuwa ndiyo inayowatisha wengi. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inamtaka kila mwenye wajibu wa kulipa kodi atunze kumbukumbu zake kwa miaka mitano. Kumbukumbu maana yake si leja ya wasomi peke yake. Ni daftari lako la mauzo ya kila siku, risiti za bidhaa ulizonunua, ankara, karatasi za benki, stakabadhi za ushuru na pango. Mama lishe anayeandika kwenye daftari la shule "mchele kilo 5, mkaa, nazi 6" naye anatunza kumbukumbu, ilimradi aandike tarehe na kiasi.

Wengi tunakosea mahali pa kuanzia kuhesabu. Miaka mitano haihesabiwi tangu siku ya risiti. Inahesabiwa tangu mwisho wa mwaka wa mapato ambao risiti ile inahusika nao, na kwa wafanyabiashara wadogo wengi mwaka huo ni huu huu wa Januari hadi Desemba. Chukua risiti ya unga ya tarehe 10 Machi 2020. Usiseme Machi 2025 natupa. Mwaka wake uliisha tarehe 31 Desemba 2020. Hapo ndipo unaanza kuhesabu moja, na miaka mitano inatimia tarehe 31 Desemba 2025. Kwa hiyo risiti ya Januari inakaa karibu miaka sita, na ya Desemba inakaa mitano na siku chache. Ukitaka usijichanganye, funga karatasi za mwaka mzima pamoja, andika mwaka juu ya bahasha, uzitunze zote pamoja na uzitoe zote pamoja.

Kwa nini mitano? Kwa sababu ndani ya muda kama huo mkadiriaji anaweza kurudi nyuma akarekebisha makadirio ya kodi yako. Akikuuliza mwaka wa jana juzi ulinunua kwa kiasi gani, daftari ndilo linalokusemea. Penye udanganyifu hakuna muda wa kujificha, anaweza kurudi nyuma zaidi. Na kama una pingamizi au shauri ambalo halijaisha, usiguse karatasi hata moja mpaka liishe, hata miaka iwe saba.

Sasa tunawasikia mnanong'ona, "Mimi mdogo, mimi nakadiriwa tu, daftari la nini?" Ndugu zetu, mdogo ndiye anayelipia kutokuwa na daftari. Tuwape mfano wenye tarakimu. Viwango vilivyowekwa na Sheria ya Fedha ya mwaka 2019, kwa mtu binafsi mwenye mauzo ya kati ya shilingi milioni 4 na milioni 7 kwa mwaka, vilikuwa hivi: asiye na kumbukumbu analipa shilingi 100,000, mwenye kumbukumbu analipa asilimia 3 ya kile kinachozidi milioni 4. Aliyeuza milioni 5 akiwa na daftari alilipa 30,000. Jirani yake wa meza ya pili, mauzo yale yale, hana daftari, alilipa 100,000. Kwenye milioni 7 hadi 11 asiye na kumbukumbu ilikuwa 250,000. Mwenye nazo 90,000 pamoja na asilimia 3 ya kinachozidi milioni 7. Aliyeuza milioni 8 na nusu, fanyeni hesabu wenyewe, alilipa 135,000. Daftari la shilingi elfu moja limemwokolea 115,000. Viwango hivi Bunge linaweza kuvibadilisha kila bajeti ya Juni, kwa hiyo kila ifikapo Julai ulizeni vya mwaka huo. Tumevileta ili muone jinsi mambo yanavyokwenda. Na ukiulizwa habari za mwaka wa nyuma, na daftari la mwaka ule ulishawashia moto jikoni, basi kwa mwaka ule wewe unahesabiwa katika wasio na kumbukumbu, hata kama uliandika kila siku.

Jambo dogo kwa wale wenye wasichana au vijana wa kuwasaidia kazi kwa mshahara: yale maandishi ya masharti ya kazi, sheria ya ajira inataka uyatunze miaka mitano baada ya mtu kuacha kazi. Usiyachane siku aliyoondoka kwa hasira.

Deni lina umri wake

Kodi ni upande mmoja. Upande wa pili ni sisi kwa sisi, na hapa miaka mitano haitoshi. Kwa Sheria ya Ukomo wa Muda, madai yanayotokana na mkataba yanaweza kupelekwa mahakamani ndani ya miaka sita. Mkopo ni mkataba. Pango la fremu ni mkataba. Kukopa magunia kumi ya machungwa ya Muheza kwa ahadi ya kulipa mwisho wa mwezi, hata kama hamkuandikiana sana, ni mkataba. Mtu aliyekudai au unayemdai ana miaka sita tangu siku ahadi ilipovunjwa. Ukitupa karatasi mwaka wa tano, umebaki mwaka mzima mikono mitupu, na mwenzako huenda karatasi yake anayo.

Tena deni linaweza kuzaliwa upya. Kabla muda haujaisha, mdaiwa akikiri deni kwa maandishi au akalipa sehemu yake, hesabu ya miaka sita inaanza tena tangu siku ile. Kwa hiyo yule mama aliyemkopesha vitenge mtu, akapewa elfu kumi baada ya miaka mitatu, ile karatasi ndogo ya elfu kumi ina thamani kuliko karatasi ya deni lenyewe. Iandikwe tarehe, isainiwe, itunzwe. Nanyi mnaolipa kidogokidogo, dai risiti kila mara. Usiridhike na "nimekuandikia kwenye kitabu changu". Mwombe naye aandike kwenye chako.

Hapa tunalo tukio la mwenzetu mmoja wa mgahawa, ametupa ruhusa tulisimulie. Alinunua friza katika duka moja la vifaa, akalipa nusu, na baada ya mwezi akamalizia nusu. Kila mara alipewa risiti ya mashine. Mama wa watu ni mwangalifu, akazibandika ukutani karibu na jiko ili zisipotee. Ilipopita kama miezi kumi na minne duka likamwambia nusu ya pili haionekani. Akaenda ukutani kwa furaha. Risiti zote mbili nyeupe pe, kama manda za sambusa! Hata jina la duka halisomeki.

Akina mama, karatasi ile ya mashine haina wino. Inaandikwa kwa joto, na joto lile lile ndilo linaloifuta. Jua, jiko, hata mfuko wa nailoni au pochi ya plastiki vinaiharibu kabla ya mwaka kuisha, na sheria inasema miaka mitano. Kilichomwokoa mwenzetu ni kwamba siku ya kulipa aliandika kwenye daftari lake la matumizi tarehe, kiasi na namba ya risiti. Alikwenda na ile namba, wakatafuta nakala yao upande wao, ikapatikana. Waliombana radhi yakaisha. Kwa hiyo risiti ya mashine ikiingia mkononi, siku hiyo hiyo andika namba yake daftarini pamoja na ile namba ya kuhakiki iliyo chini, kisha kama ni ya fedha nyingi itolee fotokopi. Fotokopi haififii. Ibane risiti na fotokopi yake pamoja.

Simu nazo. Siku hizi nusu ya biashara yetu inapita kwenye simu, na wengi mnahesabu ule ujumbe wa malipo kuwa ndiyo risiti. Ni sawa, lakini simu inaibiwa, inaanguka kwenye ndoo, mtoto anafuta. Mwisho wa kila mwezi kaeni mhamishe daftarini: tarehe, aliyelipa, kiasi, namba ya muamala. Malipo makubwa piga picha umtumie mtoto wako au mwenzako unayemwamini akuhifadhie. Picha ni akiba nzuri, ila isiwe sababu ya kutupa karatasi yenyewe.

Vya kutotupa

Vipo vitu ambavyo miaka haihusiki. Risiti ya cherehani, friza, mashine ya kusaga, pikipiki: itunze muda wote unaokuwa nacho kitu hicho, halafu ukishakiuza hesabu miaka mitano tangu mwisho wa mwaka uliouza. Kitu kimekuhudumia katika biashara miaka tisa, basi karatasi yake imehusika miaka tisa. Tena siku kikiibwa, polisi watakachokuuliza kwanza ni uthibitisho kwamba ni chako.

Karatasi za kiwanja, nyumba na kibanda usitupe maishani. Madai ya ardhi yana miaka kumi na miwili mbele ya sheria, na migogoro ya ardhi mnaijua, inarithiwa kama macho na pua. Mkataba wa pango utunze mpaka utakapohama, halafu miaka sita. Mkopo wa benki au wa halmashauri, zile asilimia 10 ambazo 4 ni zetu wanawake, tunza mkataba na stakabadhi zote mpaka umalize, omba barua ya kumaliza deni, halafu miaka sita tangu hapo. Ile barua yenyewe, sisi tungeitunza daima, haili chakula.

Na kwa kikundi, baada ya yale tuliyowasimulia, tumejiwekea sheria yetu tangu mwaka 2022, ipo kwenye katiba mpya: leja ya hisa na vitabu vya muhtasari wa mikutano havitupwi. Si baada ya miaka mitano wala hamsini. Leja ikijaa, salio linahamishwa na watu watatu, mmoja anasoma, mmoja anaandika, mmoja anafuata kwa kidole, na kila mwanachama anasaini mbele ya salio lake. Leja ya zamani inafungwa kwa kamba, inaingia sandukuni. Vocha na risiti ndogondogo za matumizi ya kikundi tunakaa nazo miaka saba. Kuna waliotuambia saba ni nyingi. Sisi tumeona sita ya mikataba, na mmoja wa uvivu wetu. (Kicheko)

Namna ya kuweka, kwa mji wetu huu

Tanga yetu ina bahari, mvua ya masika, mchwa na panya. Karatasi isiwekwe sakafuni wala isiegemezwe ukuta wa nje. Pigeni ubao juu ya mlango, au tumieni sanduku la bati. Kila mwaka bahasha ya kaki moja kubwa, au mbili: moja ya mauzo, moja ya manunuzi na gharama. Ndani yake panga kwa mwezi, kibanio kimoja kila mwezi. Pini za chuma zinashika kutu na kula karatasi, afadhali uzi. Wekeni karafuu kidogo au majani ya mwarobaini makavu, mende hawapendi. Haya tulifundishwa na bibi zetu kwa ajili ya khanga, na kwa karatasi tumeona yanafaa vile vile. Kila baada ya masika toeni mpunge hewa, kivulini, si juani, kwa sababu ya zile risiti tulizosema.

Na mtu mmoja wa nyumbani ajue zilipo. Mume, binti, dada, yeyote. Watoto wa marehemu wetu walikipata kile kijitabu kwa bahati, walikuwa wakitafuta khanga za kugawa.

Ikifika siku ya kutupa, basi msiuze wala msimpe muuza karanga. Tumejifunza. Madaftari ya biashara na ya kikundi yana majina ya watu, namba za simu, madeni ya watu, ni siri za watu. Tangu mwaka 2022 nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, lakini hata bila sheria, nani angependa deni lake lifungiwe karanga? Chaneni au chomeni. Kwa kikundi, wanachoma wawili wa kamati na mwanachama mmoja asiye wa kamati, na inaandikwa kwenye muhtasari: tumechoma vocha za mwaka fulani, tarehe fulani, walikuwapo fulani na fulani. Ili mtu akija kuuliza miaka kumi baadaye, tujue angalau kwamba tulichoma na kwa nini.

Ndugu Mwenyekiti, tunaona unatazama saa. Yamebaki mawili.

La kwanza, wale wanachama wawili wa mwanzo ambao vijitabu vyao vilipotea. Tumeafikiana na uongozi kwamba tutakaa nao mmoja mmoja mwezi ujao, na yeyote kati yenu aliye na kikaratasi chochote cha miaka ya 2015 hadi 2018, stakabadhi, barua, hata kile cha karanga kama bado mnacho, akilete. Hatukilipi, lakini tutashukuru sana. Yule aliyetutoka mwaka 2021 naye tumempelekea ujumbe, akipenda aje.

La pili, baada ya chakula tutakuwa chini ya mwembe ule na bahasha za kaki, uzi na kalamu ya wino. Kila mwanachama atapewa bahasha mbili bure, kwa msaada wa majirani wenye stationari pale njia panda. Atakayependa tumwandikie mwaka juu yake na kumwonyesha namna ya kupanga, aje na risiti zake za mwaka huu jinsi zilivyo, hata kama ziko kwenye mfuko wa rambo. Hatutacheka.